Maswali ya wasomaji: "Nimetumiwa faili la apk, niinstoli au nifute?"

Ligi zikianza tu, magrupu ya WhatsApp kuanzia Ngarenaro mpaka Kiboriloni yanajaa mafaili ya kuangalia mpira bure, na simu ya safu hii nayo inajaa maswali. Nimechagua yale yaliyojirudia na mengine nimeyafupisha maana kuna mtu aliandika kurasa na kurasa akaanzia na historia ya simu aliyonunua kabla ya hii.

Mambo vipi fundi. Mi ni dereva wa hiace, Usa River kwenda mjini. Kwenye grupu letu jamaa katupia faili limeandikwa Mpira_Bure_HD.apk, eti unaangalia mechi zote live bila king'amuzi wala kulipia. Nikibonyeza simu inasema kwa usalama wangu hairuhusiwi kuinstoli app zisizojulikana kutoka chanzo hiki. Jamaa anasema we ruhusu tu, wenzako washaruhusu. Hili faili ni kitu gani hasa, na hiyo meseji ni ya kututisha tu? Nimekutumia ulicheki.
*Dereva, Usa River*

Poa sana dereva, na umefanya la maana kulituma kwanza kabla hujabonyeza. Apk ni kifurushi ambacho Android inatumia kuinstoli app yoyote ile, hata zile unazochukua Play Store zinakuja kwa mtindo huo huo, ila Play Store inafanya kazi kimya kimya wewe faili hulioni. Kwa hiyo apk kama apk haina kosa lolote. Na ndani hamna miujiza, ni zipu ya kawaida kabisa, ukiwa na laptopu badilisha mwisho wa jina kutoka .apk iwe .zip halafu ifungue. Utakuta faili linaitwa AndroidManifest.xml ambalo linatangaza jina la app na ruhusa zote inazotaka, utakuta classes.dex ambayo ndo programu yenyewe inayofanya kazi, kuna folda la res lenye mapicha na vitu vya kwenye skrini, na pia imo saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza. Hiyo saini iweke akilini, tutairudia kwa dada wa Sakina hapo chini.

Sasa ile meseji. Kabla ya Android 8, iliyotoka 2017, kulikuwa na swichi moja tu ya vyanzo visivyojulikana, ukiiwasha imewaka kwa simu nzima. Kuanzia Android 8 ruhusa inatolewa kwa app moja moja, yaani ukibonyeza ruhusu pale umeiruhusu WhatsApp iwe inaleta app za kuinstoli, siyo hilo faili tu bali na jingine litakalokuja mwezi ujao kwenye grupu la kamati ya harusi, na simu haitakukumbusha tena hilo onyo. Simu haijasema faili lina virusi, imesema haijui limetoka kwa nani. Na jamaa yako naye hajui, kaforwadiwa kama wewe.

Haya, nililifungua faili lako. Manifest ukiifungua hivi hivi unaona michoro tu, nikatumia programu inaitwa jadx kuisoma. Mstari wa kwanza INTERNET, sawa, mpira unakuja kwa intaneti. WAKE_LOCK, sawa, isije simu ikalala katikati ya mechi. Halafu READ_SMS, yaani kusoma meseji zako. Halafu RECEIVE_SMS, kunasa meseji inapoingia. Halafu READ_CONTACTS, kusoma namba za watu wako, halafu SYSTEM_ALERT_WINDOW ambayo inaiwezesha kuchora kitu juu ya app nyingine, halafu REQUEST_INSTALL_PACKAGES ili iweze yenyewe kuleta app zingine, na mwisho kabisa huduma ya Accessibility, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho na mikono, ambayo inaweza kusoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza batani kwa niaba yako. Mpira na meseji zako wapi na wapi aise? Hapo mtu anatafuta namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji, na anataka kuona skrini yako ukiwa kwenye *150* unatuma pesa. Mpira ni chambo tu.

Kuna kitu kimoja nataka madereva wote mkijue. Tangu Android 13 ya 2022, app iliyoingia kwa faili la kutumiwa inazuiwa kupewa Accessibility mpaka mwenye simu aende mwenyewe kwenye taarifa za app, abonyeze vinukta vitatu pale juu kulia, achague kuruhusu mipangilio iliyozuiwa. Matapeli wanalijua hilo, ndo maana app zao zikishaingia zinakuonyesha maelekezo ya picha, bonyeza hapa, sasa hapa, sasa vinukta. Ukiona app ya mpira inakufundisha kubonyeza vile vinukta, acha hapo hapo.

Kama hauna laptopu, ingia VirusTotal kwa brauza ya simu, ni bure, inamilikiwa na Google tangu 2012, unapandisha faili na linapimwa na antivairasi kadhaa kwa mpigo. Kumi zikisema baya, ni baya. Zote zikisema safi usishangilie sana, faili jipya la jana linaweza kupita bila kujulikana, ndo maana mi naanzia kwenye ruhusa. Lako lifute, na kwenye grupu waambie bila aibu.

Habari kaka. Nilidanlodi app ya muziki ile ya "premium" isiyo na matangazo, faili la apk. Kila nikiinstoli juu ya ile niliyonayo inaandika app haijainstoliwa, basi, haisemi kwa nini. Memori ipo nafasi kubwa. Tatizo nini?
*Mwanafunzi, Sakina*

Salama dada. Hapa ndo saini inaingia. Kila apk imesainiwa na aliyeitengeneza, na Android haikubali apdeti juu ya app iliyopo kama saini hazifanani. Hiyo ya premium imechakachuliwa, mtu kaichukua ya kampuni, kaifungua, kaondoa matangazo, kaifunga tena, na kwa kuwa hana ufunguo wa kampuni kaisaini kwa wa kwake. Simu yako imeona saini mbili tofauti ikagoma, na imefanya vizuri. Watakwambia futa ile orijino kwanza halafu uinstoli hii, na kweli itaingia, ila hapo umeiondoa kinga kwa mkono wako mwenyewe, na ukiandika pasiwedi yako mle ndani ujue unaiandika kwenye app ya mtu usiyemjua.

Sababu zingine za hiyo meseji zipo, nazipitia haraka. Simu yako ni ya biti 32 na ndani ya folda la lib wameweka arm64-v8a peke yake, yaani ya simu za biti 64. Au Android yako ni ya zamani kuliko app inavyotaka. Au kinyume chake, app ni kuukuu sana, maana Android 14 inazikataa zilizotengenezwa kwa ajili ya Android za kabla ya 6. Au faili ni kipande tu, kwa sababu tangu Agosti 2021 app mpya za Play Store zinapandishwa kwa mfumo mwingine ambapo kila simu inapewa vipande vyake, kwa hiyo ukikuta faili linaishia na .xapk au .apkm, hizo ni vipande vilivyofungwa pamoja na Android haizifungui yenyewe mpaka upate app nyingine ya kuzifungua, mlolongo ambao mi binafsi hunichosha.

Na kuhusu app za kuchakachua kwa ujumla, kuna mfano mmoja wa kweli. YouTube Vanced ilikuwa maarufu dunia nzima, inaondoa matangazo ya YouTube, na waliokuwa wanaitengeneza walikuwa wanajulikana. Mwaka 2022 wakafunga kazi baada ya kubanwa na Google kisheria. Ila ukitafuta leo jina bado linauzika, na tovuti kibao zinakwambia danlodi hapa toleo jipya. Toleo jipya la kitu kilichofungwa, wameitoa wapi?

Fundi, mimi nilishaweka. Mwanangu aliomba app ya katuni za bure nikamwekea. Sasa simu inatoa matangazo hata nikiwa sijafungua kitu, chaji inaisha saa sita mchana, bando silielewi, na ile app nikitaka kuifuta batani ya kufuta haibonyezeki. Nisaidie jamani, simu ina pesa za kikoba.
*Mama wa Kijenge*

Pole mama, na kwa sababu ya pesa za kikoba tutaanza na hilo kabla ya simu. Kwanza zima data na waifai sasa hivi. Toa laini, weka kwenye simu nyingine, hata ile ya kitochi ya jirani inafaa zaidi, badilisha namba ya siri ya pesa ukiwa huko. Usiibadilishie kwenye simu hiyo hiyo mbovu maana unaweza kuwa unamtajia mwizi namba mpya. Kama kuna pesa imeshatoka piga 100 wa mtandao wako hapo hapo, halafu polisi ukachukue RB.

Sasa app. Batani ya kufuta kutobonyezeka maana yake mara nyingi imejipa cheo cha msimamizi wa kifaa. Ingia setingi, pale juu kwenye kutafuta andika "msimamizi" au kama simu ni ya Kiingereza "device admin", utaona orodha, iondolee tiki. Ukimaliza nenda Accessibility, izime na huko. Ndo urudi kwenye orodha ya app uifute. Kama kila ukifika pale skrini inakurudisha nyuma yenyewe, siyo simu imechoka, ni app inakubonyezea nyuma isifutwe. Dawa yake ni kuwasha simu kwa hali salama: shikilia batani ya kuzima, yale maneno ya kuzima yakitokea kwenye skrini yashikilie kwa kidole bila kuachia mpaka ikuulize habari ya safe mode, kubali. (Simu zingine njia ni tofauti kidogo, fundi wa karibu atakuonyesha.) Humo app ulizoinstoli mwenyewe zote zinalala, unaifuta kiulaini.

Halafu pitia orodha yote ya app taratibu. Tafuta isiyo na jina, au yenye picha ya Android tupu, au inayojiita System Update wakati ukiibonyeza unakuta imeingia siku ile ile ya katuni. Ikishindikana kabisa, toa picha na namba zako nje halafu rudisha simu kiwandani. Mtoto mwekee YouTube Kids ya Play Store.

Bro mi nina iPhone, hayo mafaili yanagoma kufunguka, kuna namna?
*Chalii wa Njiro*

Hamna chalii. Apk ni ya Android, iPhone inatumia ipa na inachukua App Store. Wenye iPhone Umoja wa Ulaya wamefunguliwa maduka mengine tangu 2024 kwa sababu ya sheria ya kule, Njiro bado. Anayekuuzia "apk ya iPhone" anakuuzia hewa.

Kijana wangu hujambo. Mjukuu wangu alikuja krismasi kutoka Dar akaniletea kiboksi cha kuchomeka kwenye runinga, kina chaneli za dunia nzima na halipii mtu. Ndani kina Kodi na app nyingine ina maandishi ya Kichina. Mwanzoni kilikuwa kizuri, sasa nusu ya chaneli zimekufa na zingine zinaganda. Na mtoto wa jirani kaniambia viboksi hivi vina wadudu. Je, ni kweli?
*Mzee wa Kibosho*

Sijambo mzee wangu, shikamoo. Mjukuu alikuwa na nia njema, ila maswali yako ni mawili na yote yana majibu.

Kwanza chaneli kufa. Kodi yenyewe ni programu halali ya kuchezea video na muziki, zamani iliitwa XBMC ikabadilisha jina 2014, na wenyewe hawatoi chaneli hata moja. Ni sufuria, mboga unaleta mwenyewe. Aliyeuza kiboksi ndiye kaweka mboga, yaani vijiprogramu vya pembeni na orodha za m3u. M3u, mzee, ni faili la maandishi tu, kila chaneli ina jina lake na linki ya seva ya mtu fulani huko nje anayerusha bila idhini. Seva hiyo ikizimwa, au mwenye nayo akikamatwa, au watu wakizidi, chaneli inakufa au inaganda, na hata uwe na intaneti ya namna gani hapo Kibosho haisaidii. Septemba 2019 polisi wa nchi kadhaa za Ulaya waliuzima mfumo unaoitwa Xtream Codes, ambao wauzaji wengi wa chaneli hizi walikuwa wanautegemea, na watu wakajikuta ghafla wanaangalia skrini nyeusi. Huna wa kumdai.

Pili wadudu. Mtoto wa jirani yuko sahihi kuhofia. Septemba 2024 kampuni ya antivairasi ya Doctor Web ilitoa taarifa ya virusi vilivyoitwa Vo1d, vilikutwa kwenye viboksi karibu milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025 FBI ya Marekani nayo ikatoa onyo kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0, ambapo viboksi vya bei rahisi vinaweza kuja na virusi kutoka huko huko vilikotengenezwa, au vinavipata pale unapoambiwa danlodi app ya lazima wakati wa kukiwasha mara ya kwanza. Kiboksi cha namna hiyo kinaendelea kuonyesha chaneli kama kawaida, huku nyuma wahalifu wanapitishia mambo yao kwenye intaneti ya nyumbani kwako, kwa hiyo mtu akifanya uhalifu mtandaoni anaonekana yuko Kibosho.

Namna ya kukicheki: kiwashe, tafuta Play Store. Kama haina kabisa, au ina duka la ajabu ajabu, mi ningekitoa kwenye umeme. Kama ipo, ingia setingi zake, sehemu ya kuhusu, utaona kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ule ulinzi wa Google dhidi ya app mbaya. Kama hakijathibitishwa, au kilikuja na maelekezo ya kuzima Play Protect, kichomoe. Kisiishi kwenye waifai moja na simu unayotumia kutuma pesa. Na mjukuu usimgombeze sana.

Kaka nina banda la mpira Pasua. King'amuzi kifurushi kimepanda, nimewaza nitumie app ya kustrimu kwenye laptopu niunge na projekta. Wateja watajua? Na sheria inasemaje?
*Mwenye banda, Moshi*

Wateja watajua ndani ya dakika kumi, mwenye banda. Video ya intaneti inakatwa vipande vya sekunde chache chache, na laptopu inakusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, kwa hiyo uko nyuma ya dishi, wakati mwingine hata nusu dakika. Banda la jirani litapiga kelele ya goli wakati kwako ndo kwanza kona inapigwa. Kwa Simba na Yanga hapo Pasua, utarudisha viingilio. Na bando, Netflix wenyewe wanasema video ya HD inafika GB 3 kwa saa, sasa piga mechi mbili za Jumamosi na moja ya Jumapili.

Sheria iko wazi zaidi ya watu wanavyodhani. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inasimamiwa na COSOTA, na inalinda matangazo ya kituo cha utangazaji, siyo nyimbo tu. Ligi yetu haki zake ziko Azam, walisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Hata app yao halali ya AzamTV Max ukiilipia, umelipia ya kuangalia mwenyewe, siyo ya kuchaji watu viti. Waulize habari ya kifurushi cha biashara, na viingilio upandishe kidogo, watu wa Pasua watanung'unika halafu watakaa.

Nimesikia Google wanazifunga apk zote, ni kweli? Mi natumia app zangu za F-Droid, lile duka la programu huria, na VLC ya kuchezea video, sina wizi wowote.
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Siyo kuzifunga. Agosti 2025 walitangaza kwamba kwenye simu zilizothibitishwa na wao, app itakubali kuinstoliwa kawaida kama aliyeitengeneza amejisajili kwao na kujulikana ni nani, hata kama app haitoki Play Store. Wakapanga kuanza Septemba 2026 na Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, nchi zingine kuanzia 2027. Watu wa F-Droid walilalamika sana, kwa sababu wengi wanaoandika programu huria hawataki kumpa Google kitambulisho, na mi naona wana hoja. Novemba 2025 Google wakalegeza, wakasema wataacha njia kwa watumiaji wazoefu, yenye maonyo ya kutosha ili tapeli asiweze kumharakisha mtu kwenye simu.

VLC haina shida yoyote, ipo Play Store. Za F-Droid endelea nazo, kule msimbo wa app uko wazi kila mtu anaweza kuusoma. Ila ile ruhusa ya kuinstoli uiachie F-Droid peke yake, WhatsApp na brauza uzizimie.